Chale Aliyesema Kweli

Wiki iliyopita niliitazama tena Octopussy, filamu ya James Bond ya mwaka 1983. Zamani nilipenda majumba ya Udaipur na Roger Moore akining'inia juu ya treni. Safari hii nilikwama kwenye dakika chache za karibu na mwisho, Bond anapoingia katika hema la sarakasi akiwa na pua nyekundu na rangi usoni, akisema humu ndani mna bomu. Umati unacheka.

Kisa chenyewe kinaanza na magendo. Vito vya hazina ya Urusi vinaibwa, vya bandia vinawekwa mahali pake, na vile vya asili vinavushwa kwenda Ujerumani Magharibi vikiwa vimefichwa kwenye mzinga wa sarakasi. Kisha Jenerali Orlov wa Sovieti anaweka bomu la nyuklia palipokuwa na vito. Lilipuke katika kambi ya ndege za Marekani, dunia iamini ni ajali ya Wamarekani wenyewe, Ulaya idai silaha ziondolewe, naye apitishe vifaru mpaka usio na mlinzi. Octopussy, mwenye sarakasi, hajui lolote kuhusu bomu. Hapo pananiuma kuliko milio yote ya risasi: aliyezoea kupitisha mkufu kwa siri hakagui tena sanduku. Mlango alioufungua kwa ajili ya faida ndogo, mwingine ameutumia kupitisha mauti.

Na yule chale? Anasema kweli tupu, lakini walinzi wanamkamata. Anaokolewa na Octopussy, anayelipiga risasi kufuli la mzinga ili kila mtu ajionee.

Nilimkumbuka kijana mmoja wa mkokoteni aliyekuwa akituletea maji. Alituambia ukuta wa uani umeanza kuinama, tuutazame kabla ya mvua za masika. Nilimtazama kandambili zake, nikamwitikia ili tu aondoke. Ukuta ulianguka usiku, upande ambao watoto hucheza mchana. Hakuumia mtu. Lakini fundi mwenye shati safi angesema maneno yaleyale, ningemvutia kiti.

Filamu ilianza kuonyeshwa London mwezi Juni. Usiku wa tarehe 26 Septemba mwaka huohuo, Luteni Kanali Stanislav Petrov wa jeshi la Sovieti alikuwa zamu katika Serpukhov-15, kituo cha kutahadharisha kuhusu makombora, kusini mwa Moscow. King'ora kikalia. Setilaiti zilikuwa zimeona kombora moja likirushwa kutoka Marekani, kisha yakaongezeka mengine manne. Huku hapakuwa na pua nyekundu. Palikuwa na mitambo ya dola na kompyuta iliyosema taarifa ni ya kuaminika, mambo yote yanayotufanya tuitike bila kuuliza. Tena wiki zile hofu ilikuwa nzito: tarehe 1 Septemba Wasovieti walikuwa wameiangusha ndege ya abiria ya Korea Kusini, wakafa watu 269.

Petrov aliuliza. Nani aanzishe vita kuu kwa makombora matano? Na mbona rada za ardhini hazioni kitu? Akawaarifu wakubwa wake kwamba ni hitilafu, kisha akangoja. Ilikuwa hitilafu kweli. Setilaiti zilikuwa zimedanganywa na mwanga wa jua uliomulika mawingu.

Naweka visa hivi viwili pamoja kwa sababu naviona kila siku nyumbani na ofisini. Tunamnyamazisha mwenye kweli kwa sababu ya vazi lake, tunakiamini chenye uongo kwa sababu ya kimo chake. Ujasiri ninaouhusudu sasa ni wa mtu aliyekaa kitini, ameshika simu, king'ora kinalia, naye bado anafikiri.

Petrov hakupewa nishani na jeshi lake kwa usiku ule. Alikaripiwa kwa kutojaza daftari la zamu. Alifariki Mei 2017 mjini Fryazino, na dunia ilipata habari za kifo chake Septemba.