Adui Huyu Hana Nyumba Mtaani Kwetu

Msiba ukiingia nyumba moja mara mbili, watu wa kwetu huacha kuuliza ni nini kilichoua. Huuliza ni nani. Kijana kafa kwa ajali ya bodaboda, haujapita muda mimba ya dada yake imeharibika, na kabla matanga hayajaanuliwa jina limekwishanong'onwa: yule bibi wa nyumba ya nyuma, mjane, asiye na mtoto wa kumtetea, mwenye macho mekundu. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, Shinyanga, Mwanza, Geita, Simiyu, wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho yao. Kila aliyepikia kuni na kinyesi kikavu cha ng'ombe katika jiko lisilo na dirisha anajua wekundu ule unatoka wapi. Ni moshi.

Naanza na bibi huyo kwa sababu mazungumzo yetu juu ya pepo wachafu, vifungo na maombi ya kufunguliwa huanzia kwa mgonjwa na kuishia kwa mhubiri, na bibi husahauliwa. Wengi wa wanaomnyooshea kidole wamebatizwa. Baadhi yao wametoka kwenye maombi asubuhi hiyohiyo. Imekuwaje ombi alilotufundisha Yesu ili tuokolewe na uovu likawa mlango wa uovu kuingilia?

Sisemi haya kama mtu asiyeamini. Imani ya Kikristo inafundisha waziwazi kwamba uovu una upande wa kiroho, kwamba nyuma ya uongo, chuki na mauaji kuna utashi uliomwasi Mungu na unaotaka kutuvuta huko ulikoangukia. Ukiondoa habari za pepo katika Injili ya Marko, utakuwa umeondoa sehemu kubwa ya kazi ya Yesu Galilaya. Lakini imani hiyohiyo inafundisha jambo la pili, na hili ndilo tunalolipoteza: adui huyo si binadamu. Paulo katika waraka kwa Waefeso anakataa kabisa kwamba tunapigana na watu wenye mwili na damu. Maneno yake husomwa karibu kila mkesha, tena kwa sauti kubwa, na watu ambao kesho yake watamhamisha mama mkwe chumba cha uani kwa kumwogopa. Kama adui si mwili na damu, basi hana nyumba mtaani kwetu, hana ukoo, hachoti maji kisima kimoja nasi. Ombi linaloishia kwa kumtaja jirani limegonga mlango usio wake.

Tazama Sala ya Bwana ilivyopangwa. Kabla ya kuomba tuokolewe tunaomba tusamehewe, tena tunajifunga kwa kinywa chetu kwamba nasi tumesamehe. Hakuna anayelifikia ombi la mwisho bila kupita hapo. Na yote husemwa kwa niaba ya wote: ninapoomba kuokolewa, ninayemshuku yumo ndani ya ombi langu, naye anaposali amenitia mimi ndani ya lake. Nimesikia mara nyingi, kupitia vipaza sauti, mishale ya kichawi ikirudishwa kwa aliyeituma na mamia ya watu wakiitikia, "Afe! Afe!" Wanaitikia kwa jina la Yule aliyewaombea waliomsulubisha. Sioni namna yoyote ya kuyapatanisha hayo mawili, na nadhani wanaoyaongoza maombi hayo wanapaswa kuulizwa, kwa upole lakini bila kuzungukazunguka, wameyapata wapi.

Augustino, mzaliwa wa Thagaste katika Algeria ya leo, aliliishi swali hili. Ujanani alikaa takriban miaka tisa na Wamanikeo, waliofundisha kwamba nuru na giza ni nguvu mbili zisizo na mwanzo, zinazopigana sawa kwa sawa. Mafundisho yale yalikuwa na faraja yake: dhambi yako ni kazi ya lile giza, si yako. Alipowaacha, alifundisha kinyume chake. Uovu hauna asili yake wenyewe. Ni upungufu wa wema uliopaswa kuwapo, jinsi upofu ulivyo ukosefu wa kuona. Shetani mwenyewe ni kiumbe, aliumbwa mwema, akajiharibu. Hana alichokiumba na hana awezacho kukiumba. Kanisa limeshikilia fundisho hilo tangu wakati huo, lakini katika ibada zetu nyingi Umanikeo umerudi bila kubisha hodi. Kuna mahubiri ambayo ukiyasikiliza hadi mwisho utatoka unajua ngazi za mapepo, maskani yao baharini na saa zao za kazi usiku, na hutakuwa umejifunza chochote kipya juu ya Kristo. Anayetajwa zaidi ndiye anayeabudiwa, hata kama anatajwa kwa kukemewa.

Wakristo wa kale walikuwa na kiasi. Yerusalemu, katika karne ya 4, mtu aliyekwenda kubatizwa alisimamishwa akielekea magharibi, upande jua linakozama, akanyoosha mkono na kumkana Shetani ana kwa ana, pamoja na kazi zake na fahari zake. Kisha akageuzwa kuelekea mashariki na kuikiri imani. Ona anachokikana: Shetani na kazi zake. Hakuna shangazi aliyekanwa siku ile. Na kazi zile alizozikana ni zile ambazo yeye mwenyewe alikuwa akizifanya hadi jana yake. Ndiyo maana ilibidi ageuke kwa mwili wote.

Nakubali pia kwamba kanisa la kimisheni lilichangia kutufikisha hapa. Watu walipokuja na hofu zao, wengi waliambiwa hakuna kitu kama hicho, ni ujinga, wakapewa katekisimu. Wakaipokea mchana na usiku wakaenda kwa mganga. Emmanuel Milingo, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Lusaka tangu 1969, aliliona pengo hilo, akaanza kuwaombea watu hadharani mwaka 1973, na kufikia 1983 alikuwa ameitwa Roma na kujiuzulu. Mengi aliyoyafanya baadaye siyatetei, lakini aliona sawasawa kwamba mwenye hofu akifungiwa mlango wa kanisa atatafuta mwingine. Dar es Salaam, Edmund John, mlei wa Kianglikana na ndugu yake Askofu Mkuu John Sepeku, aliomba na wagonjwa na waliosumbuliwa na pepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi alipofariki mwaka 1975. Sifa yake iliyobaki ni ya mtu wa kufunga na kusali, aliyewataka watu watubu na kuzitoa hirizi zao. Huo ulikuwa moyo wa huduma yake: mtu aliambiwa akitoe alichokuwa nacho mwenyewe.

Ukitaka kuiona huruma ya kanisa katika mkesha, usimtazame anayekemea. Watazame kina mama. Mwanamke anaanza kutetemeka, anapiga kelele, anaanguka. Mhudumu anasogea na kipaza sauti, watu wote wanasimama kuangalia. Kabla hajatamka neno la tatu, mama mmoja amekwishafungua khanga yake ya pili na kumfunika yule mwenzake miguu, kisha anaipitisha kiunoni na kuifunga fundo ili isiteleze akigaragara. Mwingine amepiga magoti na kumwekea kiganja chini ya kichwa, kati ya kichwa na sakafu ya saruji. Wa tatu amekwishamtoa mtoto mgongoni mwa mwanamke huyo tangu alipoanza kuyumba. Hakuna aliyewaagiza. Maombi yakiisha, ndio wanaomkalisha, wanampa maji, wanamuuliza taratibu mara ya mwisho alikula lini.

Huwa nawakumbuka kina mama hao ninaposoma habari ya yule mtu wa nchi ya Wagerasi, aliyeishi makaburini, uchi, akijikata kwa mawe. Watu walipofika walimkuta ameketi, amevaa nguo, akili zake zimemrudia. Injili haisemi nguo zile zilitoka wapi. Huko makaburini hapakuwa na duka. Ni lazima mmoja wa waliokuwapo alivua yake ampe, na tendo hilo limo ndani ya uponyaji. Yesu hakumuuliza ni nani aliyemroga. Hakumzungusha vijijini atoe ushuhuda kwenye mikutano yake. Mtu yule aliomba amfuate, akakataliwa, akatumwa arudi nyumbani kwa watu wake. Alikuwa ametengwa na jamaa zake, na kufunguliwa kwake kulikamilika aliporudi kuishi nao. Pima huduma yoyote kwa hilo. Mtu akitoka kwenye maombi akiwa na maadui wengi kuliko alioingia nao, hajafunguliwa.

Hatari nyingine ni ya kumwacha mgonjwa bila dawa. Ibada ya Kilatini ya kufukuza pepo ya mwaka 1614 ilikuwa tayari imemwonya padre asiamini upesi kwamba mtu amepagawa. Kanuni ya 1172 ya Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983 inamkataza padre kufanya ibada hiyo rasmi bila kibali maalumu na cha wazi cha askofu. Pamoja na hayo, huko Klingenberg, Ujerumani, binti wa miaka 23 mwenye historia ya kifafa alifanyiwa ibada 67 za kufukuza pepo katika miezi kama kumi, hali ameacha kula, akafa Julai 1976 akiwa na uzito wa kama kilo 30. Kibali cha askofu kilikuwapo. Mahakama iliwatia hatiani wazazi wake na mapadre wawili mwaka 1978. Kwetu, Moshi, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Nisingependa mtu awacheke marehemu wale. Walikuwa watu wenye shida za kweli, ada za shule, ndoa, magonjwa yasiyopona, na walikuwa wameambiwa dawa iko mbele yao, hatua chache tu. Kosa halikuwa shida yao wala imani yao.

Linabaki fumbo lililo gumu kuliko yote: wapo wanaoomba, wanafunga, wanasamehe, na hawafunguliwi. Hapo ndipo "nani?" hurudi kwa nguvu, kwa kuwa ni afadhali kuwa na mtu wa kumchukia kuliko kukaa bila jibu. Paulo alikuwa na mwiba katika mwili wake, na hakuona haya kuuita mjumbe wa Shetani. Alimsihi Bwana mara tatu umwondokee. Haukuondoka. Aliambiwa neema inamtosha. Mtume aliyejua vita vya kiroho kuliko wahubiri wote wa leo alibaki na maumivu yake, wala hakumtafuta mtu wa Korintho wa kumbebesha lawama. Mwenye mwiba asihukumiwe kuwa na imani haba. Na asiachwe aende nao peke yake kwa mganga, au kwa nabii anayefanya kazi ya mganga akiwa na Biblia mkononi. Ndiyo maana kina mama wale wa khanga wanahitajika hata baada ya mkesha, wiki baada ya wiki, ombi likiwa bado halijajibiwa.

Kitabu cha Ufunuo kinamwonyesha Ibilisi akiwa mshitaki, anayewashitaki ndugu mbele za Mungu usiku na mchana. Anayesimama madhabahuni na kutaja ni nani katika ukoo aliyeleta laana amejitwalia kazi hiyo, hata kama ameitanguliza kwa jina la Yesu.

Kwa hiyo nawaomba wachungaji, mapadre, wainjilisti na wote wanaoongoza vikundi vya maombi: pigeni marufuku majina. Mtu akianza kumtaja anayemshuku, mkatisheni hapohapo, kisha mwombeeni huyo aliyetajwa mema, kwa sauti, mwenye kushuku akisikia. Muulizeni mgonjwa kama amefika hospitali, na kama ana dawa, aimeze. Na wewe unayesoma, siku mwombaji yeyote atakapokuwekea mikono kichwani na kukuambia kwamba aliyekufunga ni shangazi yako, inuka utoke nje, hata kama ibada haijaisha. Kisha mpigie simu shangazi, umjulie hali.