Wakili wa Asiye na Mali

Wako wasemao: mwizi atafutiwaje wakili kwa mali ya serikali? Neno hili lina ila, kwani limemwita mtu mwizi kabla ya hukumu.

Mwaka 1961, katika mji wa Panama City, jimbo la Florida, nchi ya Marekani, fakiri mmoja, Clarence Earl Gideon, alishitakiwa kuvunja jumba la mchezo wa biliadi na kuiba. Akaomba wakili, akanyimwa, kwa kuwa sheria ya jimbo hilo ilimpa fakiri wakili katika mashitaka ya kifo tu. Akajitetea mwenyewe, akafungwa miaka 5. Kifungoni akaiandikia Mahakama ya Juu kwa kalamu ya risasi, nayo mwaka 1963 ikahukumu kwamba ashitakiwaye kosa kubwa, naye hana mali, sharti apewe wakili. Kesi ikasikizwa upya, wakili akamhoji shahidi mkubwa hata ushahidi wake ukadhoofika, Gideon akaachiliwa.

Basi na azingatie mwenye akili: shitaka ni lile lile, na shahidi yule yule, kilichozidi ni ulimi ujuao kuhoji. Je, kwanza alifungwa kwa wizi au kwa ufakiri?

Wala wakili hakuruhusiwa kusema uwongo; kazi yake ni kumtaka mdai athibitishe. Hakimu asikiaye upande mmoja hupima kwa mizani yenye kitanga kimoja. Kwa hivyo wakili wa fakiri si sadaka apewayo mwovu, bali ni hifadhi ya hukumu yenyewe, isije ikawa dhulma.