Kabla ya Kugusa Mavuno

Kila mwaka, mahindi yakishakauka na maharage yakishapurwa, sharika zetu za Nyanda za Juu Kusini huadhimisha Sikukuu ya Mavuno. Msomaji wa kitabu hiki anaijua siku hiyo. Madebe ya mahindi hupangwa mbele ya madhabahu, pamoja na mkungu wa ndizi kutoka Tukuyu, gunia la viazi kutoka Uporoto, njegere kutoka Kilolo, na jogoo aliyefungwa miguu ambaye huwika katikati ya mahubiri. Baada ya ibada huja mnada. Boga la mjane hununuliwa, likarudishwa, likanadiwa tena, na watu hucheka na kushangilia. Nimeongoza ibada hizo Iringa na Mbeya kwa miaka mingi, nami nazipenda.

Lakini kuna swali linalonifuata kila mwaka siku hiyo inapokaribia. Wazee wetu nao walikuwa na sikukuu zao. Kanisa liliwaambia waziache, na wengi waliziacha. Je, walipoziacha, waliacha nini hasa? Na sikukuu tuliyopewa sisi badala yake inabeba mzigo ule uliobebwa na zile za zamani?

Siulizi kama mtu anayetazama kwa mbali. Katika miaka yangu ya kwanza ya uchungaji, baba yangu mkubwa alituita kwenye tambiko la ukoo, nyumbani kwetu upande wa Iringa. Pombe ya ulezi ilikuwa imepikwa, na kondoo alikuwa ametengwa kwa ajili ya kaburi la babu. Nilimwendea baba na kumwambia asiende. Nilimsomea Wakorintho wa Kwanza sura ya 10, pale Mtume Paulo anapofundisha kwamba mtu hawezi kushiriki meza ya Bwana na meza ya mashetani. Baba alinisikiliza, nadhani zaidi kwa sababu ya kola niliyovaa kuliko kwa sababu ya hoja yangu.

Jioni baba mkubwa alinijia. Hakukasirika. Aliniambia, "Mwanangu Mchungaji, kunywa msinywe. Mimi nilimwita mdogo wangu aje tuseme." Sikumwelewa, au sikutaka kumwelewa. Yeye na baba walikuwa hawajazungumza miaka minne kwa sababu ya kipande cha vinyungu bondeni. Msimu wa mvua uliofuata baba mkubwa alifariki. Baba alisimama kaburini, akatupa udongo, akarudi nyumbani bila neno. Tangu siku ile nimejua kwamba nilikuwa na andiko sahihi mkononi, na bado nilikosa.

Nilipokuwa chuo cha theolojia nilikuwa nimesoma kidogo juu ya jambo hili bila kulitia moyoni. Monica Wilson, aliyeishi pamoja na mumewe Godfrey kati ya Wanyakyusa katika miaka ya 1930, aliandika vitabu viwili vikubwa juu ya ibada zao za jadi, kimoja mwaka 1957 na kingine mwaka 1959. Anaeleza jambo ambalo wazee wa Rungwe wanalijua bila kitabu: ndugu wenye kinyongo walipaswa kukisema waziwazi. Hasira iliyofichwa moyoni huku mdomo ukiomba iliharibu ibada nzima. Kwetu Uhehe pia niliwasikia wazee wakisema kwamba haifai kutambika na neno tumboni. Kwanza watu wanakaa, kila mmoja anatoa lake, wanajibizana, pengine hadi usiku. Ndipo kibuyu kinapita.

Nisieleweke vibaya. Hata leo nisingekunywa pombe ile iliyomwagwa kaburini. Wako wanaosema tambiko ni utamaduni tu, kama ngoma au vazi. Wazee wenyewe hawakuliona hivyo. Waliwaomba marehemu mvua, watoto na uzima, na waliogopa kwamba marehemu waliosahauliwa wangeleta ugonjwa. Hayo ni maombi, na ni hofu. Mkristo anaye Mpatanishi mmoja, naye alitoa dhabihu mara moja tu, kama Waraka kwa Waebrania unavyofundisha katika sura ya 10. Hakuna kondoo anayeweza kuongeza chochote juu ya hiyo. Kukataa si kuwadharau waliotutangulia. Sisi Wahehe tulilingojea fuvu la Mtwa Mkwawa zaidi ya miaka 50, tangu kifo chake mwaka 1898 mpaka liliporudishwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954. Hatuhitaji kufundishwa kuwaheshimu wafu. Tunachofundishwa na Injili ni kwamba wafu wetu wako mikononi mwa Mungu, na hatuna haja ya kuwaogopa.

Wako pia wanaosema kila cha wazee ni cha shetani. Hao wasahau kwanza jina wanalomwitia Mungu. Majina Nguluvi na Kyala hayakuja na wamisionari wa Berlin au wa Moravian waliofika Unyakyusa mwaka 1891. Wamisionari waliyakuta hapa, wakayapokea, wakayatia katika mahubiri na nyimbo. Ikiwa Kanisa liliweza kupokea jina na kulijaza Injili, lingeweza pia kupokea lile baraza la ndugu lililotangulia kibuyu, na kukiacha kibuyu. Nadhani hapo ndipo tulipokosa umakini. Tuliing'oa miba pamoja na mhogo.

Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 15, linatupa kipimo kizuri. Linasema desturi za kanisa zinazoweza kushikwa bila dhambi, zinazosaidia amani na utaratibu mwema, zishikwe, nazo sikukuu zimo humo. Ila watu wasidhani kwamba kwa kuzishika wanajipatia neema. Mara nyingi tumekitumia kipimo hiki kuwahukumu wenzetu na desturi zao. Tuligeuze sasa kwetu. Je, Sikukuu yetu ya Mavuno inasaidia amani? Nimeona ndugu wawili wasiosalimiana wakinunua jogoo yuleyule kwa kushindana, bei ikapanda, usharika ukapiga makofi, nami nikashukuru kwa sababu paa la kanisa lilihitaji mabati. Siku ile kinyongo chao kilitupa bati tatu au nne. Wazee wa tambiko wasingekubali.

Wala si watu wa milimani peke yao wanaojua kwamba sikukuu inahitaji kusafisha ugomvi. Kule Makunduchi, Unguja, kila mwezi wa Julai kuna Mwaka Kogwa. Wanaume hupigana kwa migomba ili hasira za mwaka uliopita ziishe hapo, kibanda huchomwa moto, kisha watu hula pamoja, na mgeni yeyote hukaribishwa. Sisemi tuige. Nasema watu wa pwani na wa milimani, bila kuulizana, waliona jambo lilelile: huwezi kuanza mwaka mpya wa chakula huku umebeba ugomvi wa mwaka uliopita.

Nasi tuna neno lililo wazi kuliko hayo yote. Katika Mathayo 5, mstari wa 23 na wa 24, Bwana Yesu anamwambia mtu aliyekwisha kufika madhabahuni na sadaka yake, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka palepale, aende kwanza apatane, ndipo arudi kuitoa. Tazama kwamba hasemi, "ukiwa na neno juu ya ndugu yako." Anasema ndugu akiwa na neno juu yako. Anayetakiwa kwenda ni yule anayelalamikiwa. Siku ya Mavuno madebe yanajaa mbele ya madhabahu, na sijawahi kuona debe hata moja limeachwa hapo likimsubiri mwenyewe aliyetoka kwenda kupatana.

Tofauti yetu na wazee ni hii, na ni kubwa. Wao walipatana ili tambiko lisiharibike na mvua isizuiliwe. Walipatana kwa hofu. Sisi hatununui mvua kwa kupatana. Mungu ametupatanisha naye katika Kristo kabla hatujasema neno, naye ametupa huduma ya upatanisho, kama Paulo anavyoandika katika Wakorintho wa Pili sura ya 5. Basi aliyepewa bure atawezaje kuwa mvivu kuliko yule aliyesukumwa na hofu? Liturujia yetu ina ungamo la dhambi. Tunalisoma kwa dakika moja, wote kwa pamoja, na ndani ya neno "sisi" kila mtu anapata mahali pa kujificha.

Napendekeza jambo dogo. Juma linalotangulia Sikukuu ya Mavuno, jumuiya za nyumba kwa nyumba zisikutane kupanga michango tu. Zikutane kusema. Wazee wa kanisa wawaendee wale wanaojulikana kuwa hawasalimiani, wawaombe wakae. Asilazimishwe mtu, maana upatanisho wa kulazimishwa ni tambiko jingine. Aliyepigwa au aliyedhulumiwa asiambiwe anyamaze ili sikukuu ipendeze. Anayo haki ya kusema kwanza, na kusikilizwa. Tena tukumbuke Kumbukumbu la Torati 16, ambapo mgeni, yatima na mjane wanatajwa kwa jina kwenye karamu ya mavuno. Sehemu ya madebe yale iende kwao kabla mnada haujaanza.

Mwaka jana nilimwomba baba twende kwa watoto wa baba mkubwa. Alikaa kimya siku mbili, kisha akakubali. Tulikaa uani kuanzia asubuhi. Yalisemwa maneno makali, mengine juu yangu, na yalikuwa ya kweli. Niliomba msamaha kwa ajili ya jioni ile. Mpaka wa vinyungu haujapimwa mpaka leo, na mmoja wa ndugu zangu hakutaka kula nasi. Wengine walikula. Jumapili ya Mavuno baba alileta debe lake la mahindi, na nyuma yake alikuja mtoto mkubwa wa kaka yake na debe lake, wakayaweka bega kwa bega. Nilishindwa kuendelea na liturujia kwa muda, mpaka mwinjilisti akanisaidia.

Ndugu yule aliyekataa kula bado namwendea. Mwombeeni, na mniombee na mimi.