Upako, au Ugonjwa?

Somo: 1 Wafalme 19:1-8

Eliya alikuwa ametoka Karmeli, moto umeshuka kila mtu akiona. Muda si muda yuko chini ya mretemu akiomba afe. Imani ilienda wapi? Someni vizuri. Mungu hakumkemea. Malaika alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Mazungumzo yalikuja baadaye, kule Horebu. Sisi huwa tunaanza na mahubiri.

Huzuni ya msiba inampata kila mtu. Depresheni ni kitu kingine: wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, mtu haonji raha hata kwa alichokipenda, usingizi umeharibika, anajiona hafai, pengine anatamani kufa. Inaweza kutoka kwa ukoo, kwa ubongo, kwa dhiki, kwa kujifungua, na mara nyingi ni mchanganyiko. Na ndiyo, hata aliyeokoka anaipata.

Hiyo angalau tunaiona. Inayonisumbua ni baipola, kwa sababu mtu hashuki tu, pia anapanda. Analala saa mbili na hachoki. Maneno yanamtoka kama mvua, mipango ni kumi kwa siku, pesa anagawa. Kanisani hayo yote tumeyapa jina zuri. Tunasema ni moto.

Ndugu mmoja wetu alikesha siku nne akiomba. Tukampa maikrofoni. Siku ya tano akatoa sadaka kubwa ajabu, akina mama wakapiga vigelegele. Kumbe ni karo ya watoto. Wiki ya tatu alikuwa kitandani haongei, ndipo mkewe akatuambia kwamba alikuwa ameacha dawa, kwa kuwa aliambiwa kumeza vidonge ni kumwonea Mungu shaka. Aliyemwambia ni mmoja wetu. Nilikuwa nimeketi hapo hapo, na nilisema amina.

Lithiamu, ambayo daktari John Cade wa Australia aliwapa wagonjwa wa namna hii mwaka 1949, ni chumvi ya madini, inatolewa ardhini. Aliyeiumba ardhi tunamjua. Lakini si ya kuchezea: mgonjwa hupimwa damu, na akiiacha ghafla ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu.

Sasa, ile sadaka ni ya nani? Mzee mmoja anasema kilichofika madhabahuni hakirudi. Namheshimu sana. Lakini Paulo alitaka mtu atoe kama alivyokusudia moyoni (2 Wakorintho 9:7), na huyu ugonjwa ndio uliomkusudia. Watoto nao hawakutoa chochote, ila ndio waliofukuzwa shule.

Mwingine ameuliza, tutajuaje tofauti? Si hata siku ya Pentekoste watu walidhani mitume wamelewa? Kweli. Lakini Petro alisimama akaeleza jambo kutoka mwanzo hadi mwisho, akaeleweka. Wao waliita Roho ulevi; sisi tuliita ugonjwa Roho. Mimi nadhani tungeanza kwa kumuuliza mkewe swali moja dogo: huyu analala?

Kamati inakutana Alhamisi kuhusu hiyo karo. Mama watoto hatujamwita aje kujieleza. Ndugu yetu amerudia dawa, ameanza kula kidogo, na jioni tunapokezana kuwapikia. Zamu ya Jumamosi bado haina mtu.