Kivuli cha Mgonjwa

Wajaluo wa uwanda wa Kano husimulia habari za shujaa mmoja aliyeitwa Luanda Magere, ambaye mwili wake ulikuwa wa jiwe. Mikuki ilimpiga ikapinda, mishale ilimfikia ikaanguka. Adui zake walipokata tamaa ya kumshinda kwa silaha, walimpelekea binti mzuri awe mke wake. Siku moja shujaa akaugua, na mke wake mkubwa hakuwapo. Akamwita yule mke mgeni, akamwagiza alete kisu na dawa, kisha akamwambia asiuchanje mwili wake, bali akichanje kivuli chake. Mke akachanja, damu ikatoka. Usiku akatoroka kwenda kwao, na katika vita vilivyofuata mkuki mmoja tu uliotupwa kivulini ulitosha.

Tulipokuwa watoto tulifundishwa hadithi hii kuwa onyo juu ya wake wa kigeni. Sasa nimepita umri wa miaka thelathini, nimekuwa mwalimu, tena nimemwuguza mke wangu, nami naona kwamba onyo lile ni dogo kuliko hadithi yenyewe. Tazama, msomaji, jambo linalotendeka pale kitandani. Mtu ambaye hajawahi kushindwa analazimika kumwonyesha mwenziwe mahali anapoweza kuuawa, kwa sababu hapo hapo ndipo anapoweza kuponywa. Hana njia nyingine. Kila anayeuguzwa nyumbani humkabidhi mwuguzi wake kivuli chake. Swali langu ni hili: aliyekabidhiwa kivuli ana haki gani juu yake?

Nitajibu kwa habari ya nyumba yangu, ijapokuwa hainipambi. Mke wangu ameisoma karatasi hii kabla yako, akafuta mistari miwili, na iliyobaki akaniruhusu niichapishe.

Sisi tunakaa Migori, ninakofundisha. Yeye ni wa Karachuonyo, katika Homa Bay, na kwa desturi yetu ya kumwita mke kwa nchi ya kwao, nyumbani anaitwa Nyar Karachuonyo. Ugonjwa ulianza kwa uchovu usio na sababu. Akakonda, usiku akaloa jasho, akawa hali chakula kingi kwa kuwa tumbo lilionekana kujaa upande wa kushoto. Katika nchi hizi za kando ya ziwa kila homa huitwa malaria mpaka ithibitike vingine, basi tukatibu malaria mara mbili. Mara ya tatu mganga mmoja mwangalifu akampapasa chini ya mbavu, akakuta wengu umevimba, akaamuru damu ihesabiwe. Chembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili, zilikuwa zimezaliana kupita kiasi. Ilikuwa lukemia, yaani saratani ya damu, ya namna ile inayokwenda polepole.

Mwaka 1960 wataalamu wawili wa mji wa Philadelphia, Peter Nowell na David Hungerford, waliona kromosomu moja ndogo isiyo ya kawaida ndani ya chembe za wagonjwa wa namna hii. Baadaye ikajulikana kwamba vipande vya kromosomu ya 9 na ya 22 vimebadilishana mahali, na kwamba badiliko hilo ndilo linaloamrisha chembe zizaliane bila kikomo. Mwaka 2001 dawa iitwayo imatinibu ilikubaliwa huko Marekani. Kazi yake ni kuizima amri hiyo. Ugonjwa uliokuwa hukumu ya miaka michache ukawa jambo ambalo wengi huishi nalo miaka mingi, kwa sharti kwamba wasikose kumeza tembe zao. Bei yake ingaliumeza mshahara wa mwalimu, walakini lipo shirika la The Max Foundation, ambalo limewafikishia dawa hii bila malipo wagonjwa wa nchi nyingi, Kenya ikiwa mojawapo. Hivyo vita vyetu havikupiganwa hospitalini. Vilipiganwa mezani petu, kila siku, baada ya chakula cha jioni, kwa bilauri kubwa ya maji.

Sitaki kukuchosha kwa kazi za mwuguzi. Nilichota maji, nilisonga ugali, nilifua, na majirani walicheka mpaka wakachoka. Asubuhi macho yake yalikuwa yamevimba kwa nguvu za dawa, na usiku misuli ya miguu ikimkaza nilikaa naye nikiikanda hadi jogoo wa kwanza. Hayo yote ni wepesi. Kazi ya mikono humchosha mtu, lakini haimpotezi. Kilichonipoteza ni sifa. Watu walipoacha kucheka walianza kunisifu. Wazee walisema kanisani kwamba mume kama mimi ni nadra, nami nikakubaliana nao upesi kuliko ilivyopasa.

Tangu hapo nikawa kinywa chake. Mgeni alipomwuliza, "Mama, umeamkaje?" nilijibu mimi. Niliwaeleza walimu wenzangu hesabu ya damu yake kama mtu aelezavyo mavuno ya shamba lake. Siku moja, katika kliniki ya mbali tuliyokuwa tukiiendea kwa safari ya kutwa, daktari alimwuliza kama ana nia ya kuzaa tena, maana dawa ile yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Tulikuwa na mtoto mmoja. Nikajibu, "Daktari, huyo mmoja atutosha." Daktari akaandika. Mke wangu alitazama dirishani, nami nilidhani anatazama mvua.

Mwaka wa tatu, alipokuwa amepata nguvu na kurudi kwenye duka lake la nguo, nilifungua kabati kutafuta wembe, nikaiona chupa ya tembe. Sijui ni nini kilichonifanya nihesabu. Zilikuwa zimezidi tembe tisa. Maana yake, msomaji, ni kwamba jioni tisa mke wangu alikuwa amekunywa maji matupu mbele yangu.

Ningefanya nini? Wahenga wamesema, mficha maradhi kifo humuumbua. Wahenga hao hao wamesema, siri ya mtungi muulize kata. Methali ya kwanza inamtaka mtu apige kelele, ya pili inamkumbusha kwamba kata huingia mtungini ikatoka bila kupiga domo. Mimi niliikumbuka ya kwanza tu. Sikumwambia neno. Jumamosi nilipanda matatu hadi Rongo, nikapanda nyingine kupitia Rodi Kopany hadi Homa Bay, nikaendelea hadi kwao Karachuonyo, nikamweleza shemeji yangu mkubwa kwamba dada yake anajiua. Shemeji alimweleza mama yao.

Kwetu mama mkwe haji nyumbani kwa mkwewe kwa jambo dogo. Jumapili iliyofuata alikuja na shangazi wawili. Nilitoka nje kwa heshima, nikakaa chini ya mwembe, na kutoka pale nilisikia sauti za wanawake watatu, na sikusikia ya wa nne. Mke wangu alikuwa ameketi katika nyumba yake mwenyewe, katika kiti chake mwenyewe, kama mshtakiwa. Simlaumu mama mkwe; alikuja kwa mapenzi, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Aliyemwita ni mimi.

Walipokwisha kuondoka, mke wangu aliosha vikombe vyote kwanza. Kisha akasema, "Mwalimu, siku ile ulipozihesabu tembe, mimi nilikuwa wapi?"

Nikamwambia, "Ulikuwa jikoni."

Akasema, "Toka kabatini hadi jikoni ni hatua kumi. Wewe ukapanda matatu."

Nilimwuliza kwa nini aliacha dawa, swali ambalo nilipaswa kumwuliza siku nane kabla. Alisema anataka mtoto mwingine. Alisikia kwamba dawa na mimba havipatani, akaanza kuzipunguza tembe kwa siri, akijaribu kuona kama mwili utavumilia. Nikasema mbona hakumwambia daktari. Akanitazama kwa muda mrefu, akasema, "Daktari aliniuliza. Ulimjibu wewe."

Huenda unasema, msomaji, kwamba ninajilaumu kupita kiasi. Kwamba uhai ni mkubwa kuliko haya, na mtu akiona nyumba inaungua haombi ruhusa ya kupiga ukunga. Hoja hiyo ni nzito, wala siikatai. Tembe zikikosekana mara kwa mara, ugonjwa huweza kurudi, tena huweza kurudi ukiwa sugu mbele ya dawa ile ile iliyoushinda. Lau ningalimkuta amezimia, ningalilitangaza jina la ugonjwa wake katika stendi ya Migori bila haya. Lakini hakuwa amezimia. Alikuwa jikoni, anamenya viazi, mwenye akili timamu na ulimi wake kinywani. Mwenye siri akiwapo, na akiweza kusema, wa kwanza kuambiwa siri yake ni yeye.

Na kama nisingaliweza kumshawishi? Hapo pia nimefikiri sana. Naona kwamba ningalikuwa na haki ya kumwambia, "Nyar Karachuonyo, jambo hili nitalipeleka kwa daktari, na wewe utakuwapo nikilisema." Daktari ana mikono ya kuponya. Shemeji na shangazi, pamoja na mapenzi yao yote, katika jambo hili walikuwa na ndimi tu, na ulimi usioweza kuponya haukosi njia ya kuadhibu. Nilikwenda kwao kwa sababu nilitaka wanisaidie kumshinda. Sikupenda kuandika sentensi hiyo, lakini ndiyo kweli. Mtu anayeuguza huona udhaifu wa mwenziwe kila siku, na asipojihadhari huzoea kuutumia kama mpini.

Usidhani pia kwamba nasema ugonjwa ufichwe. Mwaka ule wa kwanza, fedha za nauli zilipotupungukia, mke wangu mwenyewe alisimama mbele ya wanawake wa chama chake, akalitaja jina la ugonjwa, akaeleza unavyotibiwa, akaomba mkopo. Alirudi na nauli ya safari tatu, na shingo imenyooka. Maneno yale yale niliyokuwa nikiyasema katika chumba cha walimu, yaliyomfanya wenzangu wamsalimie kwa sauti ya msibani, yalipotoka kinywani mwake hayakumpunguza hata chembe.

Wewe u kijana, huna mume wala mke. Lakini pengine bwenini unalala karibu na mwenzio anayekojoa kitandani, au anayelia usiku kwa sababu ya mambo ya kwao, au anayemeza dawa ambazo hataki zijulikane. Amekuomba umletee maji. Unakijua kivuli chake. Huenda unajiona mwema kwa kumletea maji, na kweli umefanya wema, lakini wema huo ni nusu ya kwanza tu ya kazi.

Safari iliyofuata kliniki nilimwuliza mke wangu kama niingie naye. Alifikiri, akaniambia nikae kwenye benchi nje. Nilikaa kati ya mzee aliyekuja na mwanawe na mama aliyekuwa akifuma kitambaa. Saa nzima ilipita. Ni shida kubwa, msomaji, kwa mwalimu aliyezoea kusema kukaa saa nzima nje ya mlango ambao ndani yake anazungumzwa.

Tukiwa njiani kurudi, gari lilisimama Rongo, akanunua ndizi, akanigawia. Akanieleza kwamba daktari hakumkemea. Alimwambia kwamba kuzipunguza tembe kwa kujiamulia ni hatari kwake na hakumfai mtoto anayemtaka; lakini kama damu itatulia kabisa, ikapimwa na kuonekana imetulia kwa miaka kadhaa, wataalamu huweza kulifikiria jambo la kusimamisha dawa kwa muda, chini ya uangalizi wa karibu, ili mama azae. Alikuwa amehesabu umri wake katika miaka hiyo. Alisema atazimeza zote.

Kulikuwa na mambo mengine waliyozungumza, ambayo hakuniambia, nami sikumwuliza. Tulipofika nyumbani alitia tembe zake kabatini, akafunga. Ufunguo anao yeye. Jioni, baada ya chakula, mimi huleta bilauri ya maji, naiweka mezani karibu na mkono wake, kisha naenda kuosha sahani.