Mzunguko wa Nne

Masomo: Waebrania 12:1-3, 1 Wakorintho 9:24-27, 1 Wafalme 19:4-8

 

Wengi wenu mnamjua kijana anayekimbia alfajiri kwenye uwanja wa mpira nyuma ya shule. Jina lake silitaji, kwa sababu mwenyewe hapendi kutajwa. Ni mwimbaji wetu, husimama safu ya nyuma pamoja na sauti ya besi. Alifika hapa akiwa mtoto mdogo, mgongoni mwa dada yake. Ninyi mama mnaokwenda kuchota maji mapema mmekutana naye njiani, na wengine mmeniuliza, "Mchungaji, huyu mtoto anakimbizwa na nani?"

Hakimbizwi na mtu. Alisikia redioni habari za Anjelina Nadai Lohalith, binti wa Sudan Kusini aliyetengwa na wazazi wake kwa sababu ya vita na kukulia kambi ya Kakuma, Kenya. Mwaka 2016 huyo binti alikuwa mmoja wa wanamichezo 10 wa timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki, kule Rio de Janeiro. Alikimbia mita 1500 kwa dakika 4 na sekunde 47, akatolewa katika hatua ya kwanza. Hakurudi nyuma. Aliendelea na mazoezi kule Ngong, chini ya Mama Tegla Loroupe, bingwa wa mbio ndefu. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, alikimbia umbali uleule kwa dakika 4 na sekunde 31. Hata mara hiyo hakuvuka hatua ya kwanza. Lakini alikuwa amejishinda mwenyewe kwa sekunde 16.

Kijana wetu aliposikia hayo alijiwekea shabaha yake: mita 1500 chini ya dakika 4 na nusu. Uwanja wetu hauna mistari ya wakimbiaji. Yeye na wenzake waliupima kwa kamba, wakapata mzunguko wa mita 300. Kwa hiyo mita 1500 ni mizunguko mitano, na kila mzunguko haupaswi kuzidi sekunde 54. Mara ya kwanza alipopimwa alitumia dakika 4 na sekunde 58.

Wapendwa, naungama mbele yenu. Mimi nilimkemea. Nilimwita baada ya ibada nikamwambia, "Mwanangu, baba yako anahangaika na shamba, mgao umepunguzwa, na wewe unatafuta sekunde. Hizo sekunde zitanunua chumvi?"

Akainamisha kichwa, akanijibu kwa heshima: "Hapana, Baba Mchungaji. Lakini hapa kila kitu tunangojea tuletewe. Hii moja naiendea mwenyewe kwa miguu yangu."

Jibu lile halikunipendeza. Nilimwona ana kiburi. Mungu alikuwa bado hajanifundisha.

Siku nilipokaa chini

Mnajua yaliyoipata nyumba yangu mwaka 2025. Tulikuwa tumemaliza mahojiano. Tulikuwa tumepimwa afya. Tuliuza mbuzi, tuliuza baiskeli, na magodoro tuliwagawia majirani. Watoto walikuwa wameaga shuleni. Kisha habari ikaja kwamba safari zimesimamishwa, wala hakuna wa kusema zitaanza tena lini. Tukarudi kwenye nyumba ileile, bila godoro.

Mbele yenu niliendelea kuhubiri. Lakini nyumbani niliacha kuamka kwa maombi ya alfajiri. Nilikuwa nalala macho wazi, nasikiliza mvua kwenye shitingi, nawahesabu watu walioondoka kabla yangu. Fulani alikuja baada yetu, sasa yuko Canada. Fulani hakuwa hata na kadi kamili, sasa anatuma picha za theluji. Nilihesabu mbio za wengine hadi nikasahau kwamba na mimi nina zangu.

Kila asubuhi kabla ya jogoo wa pili nilisikia nyayo zikipita nje. Pa, pa, pa, pa. Ni yule kijana. Mvua, vumbi, njaa, nyayo zinapita. Asubuhi moja nilitoka nikamfuata hadi uwanjani, nikakaa juu ya jiwe nikamtazama. Nawaletea mambo matatu niliyoyaona pale.

1. Kila mtu ana mbio zake

Siku ile alikuwa peke yake uwanjani. Hakuna mpinzani. Nilimuuliza, "Unashindana na nani?" Akasema, "Na mimi wa wiki iliyopita."

Mwandishi wa Waebrania anatuhimiza tukimbie kwa saburi mashindano yaliyowekwa mbele yetu. Hakusema ya jirani. Na hao Waebrania walikuwa watu kama sisi. Someni sura ya 10 mstari wa 34: walikuwa wamenyang'anywa mali zao. Anayeambiwa akimbie hapa ni mtu aliyeporwa.

Mtume Paulo naye aliwaandikia Wakorintho juu ya mbio kwa sababu walizijua. Karibu na mji wao, mahali panapoitwa Isthmia, michezo mikubwa ilifanyika kila baada ya miaka miwili. Mshindi alivikwa taji la majani, na majani hunyauka. Paulo anasema, kama watu hujinyima kwa ajili ya kitu kinachonyauka, sisi tunaotazamia taji lisiloharibika tujitawale zaidi.

Ndugu, jirani yako kupata ndege si wewe kushindwa. Wala ndege si taji. Mbio zako ni nini leo? Pengine ni kumlea yule yatima kama wa tumbo lako. Pengine ni kuacha kinywaji. Pengine ni kumsamehe mtu mliyekimbia naye njia moja, ambaye kabila lake linakuumiza moyo. Kwa mbio hizo Mungu hatakuuliza kwa nini hukufika na fulani. Atauliza kama uko mbele ya pale ulipokuwa mwaka jana.

2. Mzunguko wa nne ndio unaowashinda wengi

Nilimuuliza kijana mzunguko gani ni mgumu. Nilidhani atasema wa mwisho. Akasema, "Hapana, Baba. Wa kwanza mwili ni mpya. Wa pili na wa tatu nahesabu. Wa tano rafiki zangu wanapiga kelele, na mwisho nauona. Wa nne ndio mbaya. Nguvu zimekwisha, mwisho hauonekani, na hakuna anayeshangilia."

Ndugu zangu, nilikaa kimya pale juu ya jiwe.

Tulipovuka mpaka, ule ulikuwa mzunguko wa kwanza. Tulikuwa na hofu, lakini tulikuwa na nguvu. Watu walitupokea, walitupa blanketi, sufuria na jerikani. Tuliimba usiku kucha kwa sababu tumepona. Ukaja wa pili: kipande cha ardhi, miti, udongo, tukajenga. Ukaja wa tatu, watoto wakaanza shule, kanisa likapata mabati. Na sasa? Blanketi zimechakaa. Mgao umepungua. Waliokuwa wanakuja na kamera hawaji tena. Kurudi nyumbani bado risasi zinalia. Kwenda mbele mlango umefungwa. Huu ndio mzunguko wa nne, na hapa ndipo ndoa nyingi zinavunjika, vijana wanaanza bangi, na wachungaji wanaacha kuamka kuomba.

Mkimbiaji anafanyaje? Kijana alinionyesha. Kwanza, mwanzoni hakimbii kama mwizi. Anayemaliza mzunguko wa kwanza kwa sekunde 48 ataulipa wa nne kwa miguu mizito kama magogo. Pili, siku mbili kwa wiki anakimbia vipande vya mita 300, anatembea kidogo, anarudia, hata mara sita au nane, ili mwili uzoee kuchoka na kuendelea. Siku nyingine anakimbia polepole njia ndefu ya kwenda ziwani. Na siku mbili hakimbii kabisa. Dada yake ameshika neno hilo: "Chakula hakitoshi kwa kukimbia kila siku. Siku ya kupumzika utapumzika."

Yule dada alihubiri bila kujua. Eliya alipochoka chini ya mretemu akaomba afe, Mungu hakumkemea. Alimtuma malaika na mkate na maji, akalala, akaamshwa akala tena. Kisha ndipo akatembea siku 40. Mungu anajua njia ilivyo ndefu. Kwa hiyo wewe uliyechoka, kuchoka si dhambi. Kula kilichopo, lala, amka, piga hatua inayofuata. Usiutazame mwaka mzima. Utazame mzunguko huu mmoja.

Na tumtazame Yesu. Yeye naye alikuwa na saa ambayo rafiki walilala na mwisho ulifunikwa na giza, pale Gethsemane. Alipita. Hatukimbii ili atupende. Tunakimbia kwa sababu amekwisha kutangulia, naye anatushika mkono.

3. Usimpite aliyeanguka

Kuna habari moja nimewasimulia vijana. Mwaka 1956, katika mashindano ya Australia mjini Melbourne, John Landy alikuwa anakimbia maili moja. Alikuwa mtu wa pili duniani kuikimbia maili chini ya dakika 4, na watu walikuja kuona kama atavunja rekodi. Katika mzunguko wa tatu kijana mmoja, Ron Clarke, akaanguka mbele. Landy alimruka, kisha akasimama, akarudi nyuma kumtazama kama ameumia. Wengine wakaenda zao. Clarke alipoinuka, Landy naye akaanza tena kukimbia. Rekodi ilikuwa imekwisha kupotea. Hata hivyo aliwafikia wote waliotangulia, akashinda.

Si kila anayesimama kumwinua mwenzake atashinda hapa duniani. Lakini mnaona wenyewe, miaka mingi imepita, na watu wanamkumbuka kwa zile sekunde alizozipoteza.

Hapa kwetu yuko mama ambaye mumewe ameondoka bila kuaga. Yuko mzee ambaye kadi yake imefungwa, hapokei chochote. Tunapita tukisema, "Pole, tutaomba." Wapendwa, turudi nyuma kidogo. Jerikani moja ya maji, kikombe cha unga, saa moja ya kukaa naye. Mbio zako hazitaharibika.

Siku ya kupimwa

Jumamosi moja baada ya mavuno ya mahindi kijana alipimwa tena. Shemasi mmoja alishika saa ya simu. Vijana wote walijaa pale mwanzo na mwisho wa mzunguko, maana ndipo mahali pa kushangilia. Mimi nikaenda upande wa pili, kwenye kona ya kichuguu, ambako hakuna mtu.

Mzunguko wa kwanza, sekunde 53. Wa pili, 54. Wa tatu, 55. Alipoingia wa nne nikamwona uso umebadilika, mabega yamepanda. Wakati mwingine hapo alikuwa anafika sekunde 60. Alipofika kwenye kichuguu nikamwita kwa jina lake, kwa sauti yote ya mimbarani. Nikakimbia kando yake na viatu vyangu vya Jumapili, labda hatua 20, nikaishiwa pumzi. Akamaliza mzunguko ule kwa sekunde 57, na wa mwisho kwa 53.

Dakika 4 na sekunde 32.

Hakufikia shabaha. Zilibaki sekunde mbili na zaidi kidogo. Nikaenda kumfariji, nikamkuta amelala chali kwenye majani, anacheka. Akasema, "Baba Mchungaji, Jumanne tunaanza tena. Lakini njoo mapema, ukae palepale."

Jumatatu niliamka kwa maombi ya alfajiri. Mama watoto aliponiona nimepiga magoti hakusema neno, alikuja akapiga magoti kando yangu. Safari yetu bado imesimama. Godoro bado hatuna. Ila mbio nimezirudia.

Kanisa, ndiyo kazi yetu hiyo. Biblia inasema tumezungukwa na wingu kubwa la mashahidi. Wale wa mbinguni wapo. Lakini kwenye kona ya kichuguu anahitajika shahidi mwenye miguu. Mtafute mtu aliye katika mzunguko wa nne, ukasimame pale wengine wasiposimama, ukamwite kwa jina.

Ya kuzungumza nyumbani jioni

Baba, mama na watoto, kila mmoja aseme: Mbio zangu mimi ni zipi mwaka huu? Nimekuwa nikihesabu mbio za nani? Katika kijiji chetu nani yuko kwenye kona isiyo na watu, na tutamwendea siku gani?

Maombi

Bwana Yesu, wewe uliyetangulia, tazama miguu yetu imechoka. Tupe mkate wa leo na usingizi wa leo. Utuondolee wivu unaotulemea. Utufundishe kusimama kwa ajili ya aliyeanguka. Na tusipofikia leo, utuamshe kesho tuanze tena. Amina.

Ni mimi mchungaji wenu, mkimbiaji mwenzenu.