Jani Ni Lilelile

Wajukuu zangu, nimechoka kulisema hili, lakini nitalisema tena, maana aliyekulia Tabora hana udhuru wa kutoijua tumbaku. Kuanzia hapa Kipalapala hadi Urambo, Kaliua na Sikonge, wengi wenu mmelipiwa ada kwa fedha iliyotoka kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Wala simtukani mkulima.

Mnaniambia sigara ya kielektroniki haina neno, kwa kuwa haina moshi wala majivu, na inanukia embe. Hebu mtazameni mtoto aliyepelekwa kuchuma tumbaku asubuhi majani yakiwa na umande. Hajavuta chochote. Jani bichi limemlowesha mikono, nikotini imepenya kwenye ngozi, na baadaye kichwa kinamzunguka, anatapika. Watu wa mashambani wanaujua ugonjwa huo. Nikotini haina haja ya moshi ili ikuingie, na hiyo iliyomo kwenye kifaa chako aghalabu hutolewa kwenye jani hilihili.

Kisha ikaja corona, ikatupa nafasi ya kuona nani amenaswa na nikotini hiyo. Shule zetu zilifungwa Machi 2020. Huko Marekani, ambako vijana huulizwa jambo hili kila mwaka, wanafunzi wa sekondari ya juu waliovuta vifaa hivi ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 27.5 mwaka 2019, wakawa asilimia 19.6 mwaka 2020, halafu asilimia 11.3 mwaka 2021. Hesabu hiyo ya mwisho ilikusanywa kwa intaneti kwa sababu ya ugonjwa, na walioikusanya wenyewe wakaonya isilinganishwe na za nyuma. Lakini tuseme kweli walipungua. Waliobaki ni akina nani? Mwaka huohuo wa 2021, zaidi ya robo ya wanafunzi hao waliokuwa bado wanavuta walivuta kila siku. Mimi naona hivi: aliyekuwa akivuta ili afanane na wenzake, kukaa nyumbani kulimwachisha. Aliyekwisha kunaswa alijifungia nayo chumbani, na mama jikoni hasikii harufu.

Muuzaji naye hakulala. Mapema 2020 Marekani ilipozuia vibweta vingi vyenye ladha vinavyochomekwa kwenye sigara hizo, vijana wakahamia vifaa vya kutumia na kutupa: kati ya wanafunzi hao wavutaji, kutoka asilimia 2.4 hadi 26.5 katika mwaka mmoja. Waganda walikuwa wameshazipiga marufuku sigara zote za kielektroniki kwa sheria yao ya 2015. Sisi tunayo sheria ya 2003 inayokataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18, na mwenye duka anaijua.

Ambaye hajaanza, asionje. Na wewe ambaye mkono unatafuta kifaa kabla hujanawa uso, nakuomba, mwambie mtu wiki hii: mzazi, mwalimu, mganga wa zahanati. Ukiona haya kwa wote hao, njoo kwangu. Sitakufokea.